Dakika 120 za Kiingereza: mwanafunzi wa China na karatasi yake

Mojawapo ya karatasi za Kiingereza za mtihani wa mwaka 2023 wa kuingia chuo kikuu nchini China ilikuwa na habari fupi kuhusu xiaolongbao, vile vifuko vidogo vya unga vinavyopikwa kwa mvuke, ndani vikiwa na nyama na supu ya moto. Mwandishi wa habari hiyo anavisifu kwa moyo wote, anaitaja Shanghai, kisha anasema kwamba wajuzi wa historia ya vyakula watakuelekeza Nanxiang, mji jirani wenye mifereji, kuwa ndiko vilikozaliwa. Ni habari ya kumfanya mtu ameze mate. Ila ilikuwa imetobolewa matundu kumi. Katika kila tundu kuna neno lililoondolewa, na kila neno lina alama moja na nusu.

Mtahiniwa hawekewi majibu ya kuchagua. Penye baadhi ya matundu ameachiwa kitenzi ndani ya mabano, kikiwa katika umbo lake la asili, aamue mwenyewe kama kiende wakati uliopita, kama kiwe cha kutendwa, au kama si kitenzi tena bali kimegeuka kivumishi. Penye mengine kuna jina la umoja, aone kama sentensi inadai wingi. Na yapo matundu matupu kabisa, hayana hata herufi ya kumwongoza. Hayo ndiyo yanayotoa jasho, kwa sababu hukaliwa na vijineno ambavyo mtu huvipita bila kuviona anaposoma: kihusishi, kiunganishi, kirejeshi, au vile vibainishi vya Kiingereza, 'a' na 'the', ambavyo Kichina hakivijui.

Nimeanza na swali hili la alama 15 kwa sababu ndani yake mna mabadiliko makubwa ya namna China inavyowafunza vijana wake lugha ya kigeni, na kwa maoni yangu ni mabadiliko ya heri. Kwa miaka mingi sarufi ilipimwa kwa sentensi mojamoja zisizojuana. Moja inamhusu Tom aliyechelewa treni, inayofuata bei ya nyumba, ya tatu mvua. Chini ya kila sentensi kuna majibu manne, mwanafunzi anachagua herufi. Jimbo la Guangdong lilianza kutumia habari yenye matundu mwaka 2007, na mwaka 2014 karatasi za kitaifa zikafuata. Tangu hapo kanuni ya sarufi haiwezi tena kukaririwa peke yake. Anayetaka kujua kama kitenzi kiwe cha wakati uliopita sharti aelewe jambo lilitokea lini, na hilo hulijui bila kuisoma habari nzima.

Mtihani wenyewe unaitwa Gaokao, na ndio mlango wa chuo kikuu. Mwaka 2024 walijiandikisha watahiniwa milioni 13.42. Hufanyika kuanzia tarehe 7 Juni, na karatasi ya Kiingereza kwa kawaida huja alasiri ya tarehe 8, saa tisa hadi saa kumi na moja. Siku hizo madereva hukatazwa kupiga honi karibu na shule na mafundi wa ujenzi husimamisha mashine zao, hasa wakati wa sehemu ya kusikiliza. Akina mama wengine huja langoni wamevaa qipao, gauni la Kichina, kwa kuwa jina lake linaanza kwa sauti inayofanana na ile ya bendera katika msemo wa kutakiana ushindi.

Jumla ya alama za Gaokao ni 750. Kichina kina 150, hisabati 150, na Kiingereza 150 vilevile. Katika karatasi inayotumika sasa katika majimbo mengi, kusikiliza kuna alama 30, kusoma 50, matumizi ya lugha 30, na kuandika 40. Orodha ya msamiati iliyomo kwenye mtaala ina maneno yapatayo 3,000. Kwa mtoto aliyeanza Kiingereza darasa la tatu, kama ilivyoagizwa tangu mwaka 2001, maneno hayo si mengi. Ugumu wake hasa uko kwingine.

Uko kwenye umbali uliopo kati ya lugha hizi mbili. Kitenzi cha Kichina hakibadiliki. Kula ni chi, na itabaki chi, awe amekula mmoja au elfu, iwe jana au mwakani. Wakati hujulikana kwa neno kama 'jana', au kwa silabi ndogo kama le inayoonyesha kwamba jambo limetimia. Sisi tunaosema nilikula, nimekula na ningalikula kwa pumzi moja, tumezoea kukibebesha kitenzi nafsi, wakati na masharti, kwa hiyo tukiambiwa kwamba cha Kiingereza nacho hugeuka hatushangai. Kijana wa Hunan au Gansu inambidi kwanza akubali wazo lenyewe. Ndiyo maana ile 's' ya nafsi ya tatu, ambayo mwalimu huifundisha wiki za mwanzo kabisa, bado humponyoka mwanafunzi wa mwaka wa mwisho.

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo Mswahili na Mchina wanajikwaa kwenye jiwe moja. Wote wawili hawana kibainishi cha kutanguliza mbele ya jina. Wote wawili wana neno moja tu la kutamka kwa mwanamume na mwanamke, yeye kwetu na ta kwao, ndiyo maana mwanafunzi wa Chengdu na mwenzake wa Dodoma wote humsimulia dada yao kwa Kiingereza kana kwamba ni kaka. Na ukiwauliza "Hujala?" wote hujibu "Ndiyo, sijala," wakikubaliana na swali, ilhali Kiingereza kinataka jibu likubaliane na tendo.

Pale tunapoachana nao kabisa ni kwenye sentensi ndefu. Chukua hii: "Kitabu nilichonunua jana sokoni kimepotea." Kwetu kitabu kinatangulia, maelezo yake yanafuata, na Kiingereza hufuata njia hiyohiyo. Mchina huanza na maelezo yote: mimi, jana, sokoni, kununua, kisha silabi de ya kufungia, ndipo kitabu kitokee, halafu kupotea. Akisoma Kiingereza, jina linamjia kabla hajaambiwa lolote kulihusu, halafu maelezo yanamiminika nyuma yake, na ndani ya maelezo hayo mna jina jingine lenye maelezo yake. Kufika kwenye kitenzi kikuu, ameshasahau nani alitenda.

Walimu wa huko wana dawa yao, na kwa kweli inafanya kazi. Huiita kuchambua sentensi ndefu na ngumu. Mwanafunzi anashika penseli. Kwanza anatafuta vitenzi vyote vilivyobeba wakati na kuvipigia mstari. Kisha anatafuta virejeshi na viunganishi, na kila anapokiona kimoja anafungua mabano, akiyafunga pale maelezo yanapoisha. Vihusishi na mafungu yake hutiwa mkwaju. Akimaliza, anasoma kilichobaki nje ya mabano tu: nani, alifanya, nini. Sentensi ya maneno arobaini inabaki na maneno matano au sita. Baada ya hapo ndipo anarudisha mabano moja baada ya jingine. Ukiiona karatasi ya mwanafunzi aliyezoea kazi hii, imejaa alama kuliko maandishi, na ni alama zenye mpango. Ningependa kuona darasa la kidato cha tatu kwetu likifundishwa hivi, kwa kuwa wengi wetu tulijifunza kusoma Kiingereza kwa kubahatisha maana kutokana na maneno machache tunayoyajua.

Kiingereza hakikuwa na uzito huu tangu zamani. Katika miaka ya 1950 lugha ya kigeni iliyopewa kipaumbele ilikuwa Kirusi. Mitihani ya kuingia vyuo vikuu ilisimama wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, na iliporejeshwa Desemba 1977 chini ya Deng Xiaoping, walijitokeza watu wapatao milioni 5.7, wengine wakitoka mashambani na viwandani baada ya miaka ya kutogusa kitabu. Lugha ya kigeni iliingizwa kwenye hesabu ya alama polepole, kwa asilimia iliyopanda mwaka hadi mwaka, hadi mwaka 1983 ikahesabiwa yote.

Kijana mmoja wa kijijini katika jimbo la Jiangsu, Yu Minhong, alifanya mtihani huo mwaka 1978 akapata alama 33 za Kiingereza. Mwaka uliofuata akapata 55. Mwaka 1980 akapata 95 na kuingia Chuo Kikuu cha Peking kusoma Kiingereza. Mwaka 1993 alianzisha New Oriental, kampuni ya tuisheni iliyokuja kuwa kubwa mno. Wachina wengi wanakijua kisa hicho, na naona ndicho kinachoeleza kwa nini mzazi maskini alikubali kujinyima ili mwanawe asome Kiingereza: alama zake zinapandishika. Hisabati inaweza kumgomea mtu, lakini anayesoma kila siku maneno yatamwingia.

Na wanasoma kweli. Kabla ya kipindi cha kwanza kuna kisomo cha asubuhi. Wanafunzi husimama penye madawati yao, kila mmoja ameshika ukurasa wake, anasoma kwa sauti kubwa bila kujali anachosoma jirani. Anayepita nje husikia mngurumo mmoja usio na maneno. Jioni kuna masomo ya usiku, na mezani kuna kitabu kinene cha mazoezi ambacho wote hukiita Wusan, yaani tano-tatu, kifupi cha jina lake: miaka mitano ya Gaokao, miaka mitatu ya majaribio. Kando yake kuna daftari la makosa. Kila swali ulilokosa unalinakili humo, unaandika jibu sahihi, na chini yake unaandika kwa nini ulikosa. Hili la mwisho ndilo la maana. Mwanafunzi akigundua kwamba makosa yake mengi yanatokana na jambo moja, tuseme kutotofautisha kitenzi chenye wakati na kisicho na wakati, ameshajua wiki ijayo afanye nini.

Hata mwandiko una mazoezi yake. Sekondari ya Hengshui, katika jimbo la Hebei, imetoa jina la mtindo wa kuandika Kiingereza unaoigwa nchi nzima: herufi za mviringo, zimesimama wima, hazishikani, zimepangana kama zimepigwa chapa. Vinauzwa vitabu vya kufuatisha mwandiko huo. Karatasi za majibu hupigwa skana, na msahihishaji huisoma insha kwenye skrini ya kompyuta, nyuma yake foleni ya nyingine nyingi. Mwandiko unaosomeka haumchoshi, naye asiyechoka hasahihishi kwa hasira.

Sehemu ya kusoma ina habari nne, A hadi D. Ya kwanza mara nyingi ni tangazo au ratiba: saa za makumbusho, bei ya baiskeli za kukodi. Ya pili husimulia, ya tatu hueleza, ya nne hujenga hoja au hutoa habari za utafiti fulani wa kisayansi. Maswali ni 15, kila moja alama mbili na nusu. Yapo yanayouliza jambo lililoandikwa wazi, yapo ya maana ya neno kutokana na mazingira yake, ya kichwa kinachofaa, na yale ya msimamo wa mwandishi. Baada ya hapo huja habari yenye mapengo matano na sentensi saba pembeni. Mwanafunzi achague tano zinazofaa, mbili zitabaki. Hapo msamiati haumsaidii sana. Anatakiwa ajue kila sentensi imeshika nini cha iliyotangulia.

Tatizo langu ni mbinu zinazozunguka sehemu hii. Vijana hufundishwa kusoma swali kwanza, kutafuta neno lake kwenye habari, kusoma mistari miwili ya karibu, kuchagua, kuendelea. Wanaambiwa jibu lenye neno kama 'daima' au 'kamwe' kwa kawaida si lenyewe. Mbinu hizo zinaokoa dakika, nami siwalaumu, maana dakika 120 ni chache kwa kazi hiyo yote. Lakini mtu anaweza kufanya mazoezi ya namna hiyo miaka mitatu asimalize kusoma habari hata moja kwa sababu tu alitaka kujua mwisho wake. Anayesoma riwaya rahisi za Kiingereza, moja kwa mwezi, anajenga kitu ambacho mbinu haziwezi kumpa, nacho ni subira ya kubaki na mwandishi hata pale asipomwelewa vizuri.

Kuzungumza ndiko kulikosahauliwa. Wachina wenyewe wana jina la hali hiyo, Kiingereza bubu: mtu anapata alama 130 na kushindwa kumwelekeza mgeni kituo cha basi. Beijing, Shanghai na Guangdong zimeweka mtihani wa kuzungumza unaofanywa kwa kompyuta, ila kwingi alama za kuzungumza haziingii kwenye jumla. Jack Ma, mfanyabiashara maarufu ambaye Gaokao ilimtupa nje mara mbili kabla ya kuingia chuo cha ualimu, Kiingereza chake alikitafuta kwa kuwatembeza watalii bure kandokando ya Ziwa Magharibi, Hangzhou. Watalii hao hawafiki kwenye wilaya za milimani za Guizhou. Huko mwalimu wa Kiingereza ndiye mtu pekee anayekijua, naye alikijifunza kwa namna hiyohiyo ya kimya.

Serikali imeuona mzigo. Julai 2021 ilipiga marufuku tuisheni za kibiashara katika masomo makuu kwa watoto wa elimu ya lazima, na makampuni makubwa yakatikisika, New Oriental ikiwamo. Mwaka 2013 Beijing ilitoa pendekezo la kupunguza Kiingereza kutoka alama 150 hadi 100. Halikutekelezwa. Wanafunzi wengine wamejipunguzia wenyewe kwa kuhamia Kijapani, kwa kuwa sheria inaruhusu kuchagua mojawapo ya lugha sita, na maandishi ya Kijapani yamejaa herufi ambazo Mchina anazijua tangu utotoni.

Katika mijadala hii msomaji wa Tanzania akumbuke jambo moja. Kijana wa China anayeshindwa Kiingereza anapoteza alama za Kiingereza. Fizikia yake, historia yake na biolojia yake ziko salama, zimefundishwa na kupimwa kwa Kichina. Kwetu, kuanzia kidato cha kwanza, asiyeelewa Kiingereza hapotezi somo moja tu. Kwa hiyo ufundi wa kusoma ninaoueleza hapa una uzito zaidi Singida kuliko Shandong, na bado Shandong ndiko unakofundishwa kwa bidii zaidi.

Nimeliacha mwisho swali ninaloliona bora kuliko yote. Linaanza na kisa cha maneno mia tatu na kitu. Mwaka 2022 kisa kilimhusu David, mvulana mwenye maradhi ya ubongo yanayomzuia kutembea na kukimbia kama wenzake. Siku ya mbio kubwa za shule amejitenga. Mwalimu wake anamtafuta na kumkuta peke yake. Hapo kisa kinakatwa. Mtahiniwa anapewa sentensi ya kwanza ya aya mbili: katika ya kwanza mwalimu amekaa kando ya David, naye David hataki kumtazama, katika ya pili David anasogea kwenye mstari wa kuanzia mbio. Aya hizo mbili zilizobaki, maneno yapatayo 150, ni za mwanafunzi. Alama 25.

Wazo hili linahusishwa na Profesa Wang Chuming wa Chuo Kikuu cha Masomo ya Kigeni cha Guangdong, ambaye kwa miaka mingi ametetea hoja kwamba mtu hujifunza lugha anapoendeleza alichoanza mwenzake aliye bora kuliko yeye: akikazana kuoana naye, anajikuta amechukua maneno na miundo yake. Zhejiang ililijaribu kwenye mtihani mwaka 2016, na kuanzia 2020 likaenea. Tazama linavyofanya kazi. Mwanafunzi ambaye hakukisoma kisa vizuri hawezi kuandika, kwani atamfanya David akimbie kama swala. Ambaye sarufi yake inayumba ataanza wakati uliopita na kuishia wakati uliopo. Na mwenye vyote viwili bado anatakiwa amwelewe mtu: mwalimu anamwambia nini mtoto asiyetaka kumtazama?

Bila shaka njia za mkato zimeshapatikana. Yanauzwa makusanyo ya sentensi tayari za furaha, hofu na machozi, wanafunzi huyakariri, na insha elfu zinapata moyo uleule unaodunda na jua lilelile linalochomoza. Msomaji wa Kenya atacheka kidogo, maana insha za Kiswahili nazo zimewahi kujaa watoto wanaorauka alfajiri ndege wakiimba, hata kama kisa ni cha ajali ya usiku. Ila maneno ya kukariri humu hayaendi mbali. Yanakaa vizuri kwenye insha huru, lakini ndani ya kisa cha mtu mwingine, chenye sauti yake na mwendo wake, huonekana mara moja kuwa ni kiraka.

Mimi ningezipandisha alama hizo 25 zifike hata 40, nizipunguze kwenye maswali ya kuchagua herufi. Kikwazo ni usahihishaji. Herufi husahihishwa na mashine. Kila insha husomwa na walimu wawili wasiojuana, na wakitofautiana sana huitwa wa tatu. Watahiniwa ni mamilioni, na katika majimbo mengi matokeo hutoka kabla Juni haijaisha.